Taishan siku moja na mwongozaji, mama mkubwa ana magoti mabovu, inawezekana?

MtotoWaJinan
Habarini wakuu. Mimi niko Jinan nasoma, sasa mama mkubwa wangu yuko Guangzhou kwenye mambo yake ya mzigo na kabla hajarudi nyumbani anakuja huku kunisalimia siku tatu, na katika hizo tatu moja ameshaipangia kazi mwenyewe, anataka kwenda Taishan. Kisa chote ni noti ya yuan 5. Kuna Mchina mmoja muuza vitambaa alimgeuzia noti akamwonyesha mlima ulioko mgongoni akamwambia huu ndo mlima mtakatifu namba moja China, basi toka siku hiyo sina amani.

Nimepata kampuni wana kifurushi cha siku moja, wanawachukua asubuhi na gari, mwongozaji anaongea Kiingereza, tiketi zimo, msosi wa mchana umo, mnapanda mlima halafu jioni mkishuka mnapita hekalu la Dai pale mjini Tai'an ndo mnarudi. 780 kwa kichwa. Naombeni mnisaidie, hiyo bei ni halali au tunapigwa, maana mimi boom langu mnalijua. Pili ana miaka 58 na magoti yake ukimpa ngazi za ghorofa ya tatu tu anaanza kumtaja Mungu, sasa huko nasikia ngazi elfu na maelfu. Tatu yeye ni mtu wa swala tano, kanitumia voice note ya dakika nne anauliza kwani kuingia kwenye hekalu lao si ndo kwenda kwenye masanamu, mimi nikabaki nasema ntauliza.

Kamanda_Qingdao
Mwongozaji wa nini mkuu, Taishan nimeenda mara tatu na sijawahi kumlipa mtu. Treni ya kasi kutoka Jinan West ni kama dakika 20 tu, unashuka stesheni ya Tai'an. Angalia hapo vizuri, kuna stesheni inaitwa Tai'an na nyingine inaitwa Taishan, ya kasi ni Tai'an, ile Taishan ni ya treni za kawaida iko mjini, jamaa yangu alikata moja akaenda kusubiri kwenye nyingine. Ukishuka unachukua teksi mpaka Tianwaicun, pale unapanda basi la mlimani linakufikisha Zhongtianmen katikati ya mlima, kisha kebo mpaka juu. Tiketi ya mlima 115, kebo 100 kwenda na 100 kurudi, basi thelathini na kitu kila upande, treni hela ndogo. Hata 500 haifiki kwa mtu. Hiyo nyingine iliyobaki unamlipa mtu akushikie bendera mbele.

NgoshaWaKusini
Sisi watu wa Kilimanjaro mita 5,895 tunakuja kutishwa na kimlima cha mita 1,500 na kidogo? Mwambie mama mkubwa avae raba apande zake 😂

Bi_Asha
Ngosha baba wewe ulishawahi kupanda? Kili unatembea siku tano sita kwenye njia ya udongo na mawe, Taishan ni ngazi. Ngazi za mawe karibu 7,000 kutoka geti jekundu la Hongmen mpaka juu, na pale mwisho kuna kipande wanaita Shibapan ngazi zaidi ya 1,600 zimesimama kama ukuta, nimeona vijana wa miaka ishirini wanapanda kwa mikono. Mama wa watu wa miaka 58 unamwambia avae raba.

MtotoWaJinan mwanangu nisikilize mimi, nilimpeleka wifi yangu hapo na magoti yake ni hayohayo. Bei ntairudia baadaye, kwanza angalia hiyo ratiba. Hekalu wamekuwekea jioni, na hilo ndo kosa la kampuni karibu zote. Mnashuka mlimani saa kumi na moja kasoro hamna miguu, njaa inauma, mwongozaji anaangalia saa, mnapiga picha getini na kugeuza. Wifi yangu tulimuingiza Dai Miao, yaani hilo hekalu la Dai, asubuhi kabla ya kitu kingine chochote na huko mlimani kila alichokiona alikuwa anakielewa.

Kwa sababu mlima unaanzia pale hekaluni. Wafalme wa China walipokuja kumtambikia mungu wa mlima walikuwa wanaanza ibada pale chini ndo wanapanda, na ukisimama getini kwa nyuma ukaangalia kaskazini unaona njia imenyooka inaelekea Hongmen na mlima wenyewe umekaa pale juu. Ndani kuna jumba kubwa Tiankuang, lina asili ya mwaka 1009 enzi za Song, na kwenye ukuta wake kuna mchoro wa mita 62, mungu wa Taishan anatoka safari na msafara wake, farasi, tembo, maofisa, wabeba miavuli, upande wa mashariki anaondoka na upande wa magharibi anarudi. Sasa wewe fikiria, mungu wa mlima mwenyewe anatoka asubuhi anarudi jioni, kampuni inakupeleka kuona jioni tu umechoka hutofautishi farasi na tembo.

Kingine hapohapo mwonyeshe kipande cha jiwe la Qin. Mfalme wa kwanza Qin Shi Huang alipanda Taishan mwaka 219 K.K. akaweka jiwe, mwanae akaongeza maandishi yake mwaka 209 K.K., yalikuwa herufi mia mbili na kitu, leo zimebaki 10 tu na hata hizo nyingine zimekatika. Wifi yangu alilisimamia lile jiwe kuliko kitu chochote, anasema yaani ufalme wote huo umebaki na herufi kumi. Na kuna misaipresi ya kale pale uani, ile mizee inasemekana ilipandwa na mfalme Wu wa Han, imejinyonganyonga shina mpaka unaionea huruma.

Haya magoti. Basi na kebo ndiyo, ila kuna kitu Kamanda hajakisema. Kebo HAIKUFIKISHI kileleni. Inakushusha karibu na Nantianmen, geti la kusini la mbinguni, kutoka pale unapita mtaa wa Tianjie ambao ni tambarare nusu na ngazi nusu, ndo unafika hekalu la Bixia, na kilele cha Yuhuangding kiko mbele tena juu zaidi. Kwa mtu wa magoti hesabu dakika 40 mpaka saa nzima kwenda tu, na mapumziko. Na kushuka kwa miguu msithubutu, goti linaumia kushuka kuliko kupanda, kebo kwenda na kurudi.

Kamanda_Qingdao
Hilo la kebo kweli bi mkubwa, nimesahau kwa sababu mimi huwa napanda usiku kwa miguu kuona jua likichomoza. Ila upepo ukiwa mkali kebo wanaisimamisha, imeshanikuta, tulikaa juu masaa na makoti yale ya kijani ya jeshi wanayokodisha, baridi ya huko juu si ya huku chini hata kama Jinan mnatoka jasho. Mama abebe sweta na koti la mvua.

Mkalimani_SD
Mimi nafanyaga ukalimani kwa wageni wa biashara huku na Taishan nimeshapeleka watu wengi, acha niongee la mwongozaji. Wewe kijana Kichina chako kikoje? Kama unaongea na kusoma kidogo basi Kamanda yuko sahihi, nenda mwenyewe. Ila kama ndo mwaka wa kwanza wa lugha, mwongozaji ana faida yake, maana mlima ule umejaa maandishi kwenye mawe kuliko mlima wowote niliouona na bila mtu wa kukusomea ni ngazi na picha tu. Kuna jabali zima juu kule Tang Xuanzong alilichonga mwaka 726 baada ya ibada yake, herufi karibu elfu moja za rangi ya dhahabu, watu wanapita wanapiga selfi wanaenda. Kuna msonobari wa cheo, Qin Shi Huang alinyeshewa mvua akajikinga chini ya mti akaupa mti uofisa, yaani mti una cheo kuliko mimi na wewe. Japo kwa njia ya kebo huo hamtaupita, uko kwenye njia ya miguu juu ya Zhongtianmen, muulizeni tu mwongozaji awasimulie.

Ubaya wa vifurushi ni maduka. Kuna siku nilipanda na kundi la kampuni moja hivi, bei ilikuwa nzuri kweli, kumbe tukaingizwa duka la vito vya jade saa nzima na nusu, tukaingizwa tena mahali pa dawa za mitishamba mzee anakushika mkono anakwambia figo zako zimechoka, mlimani tukafika saa nane mchana na tukaambiwa tushuke saa kumi. Na hekaluni mwongozaji akawagawia watu ubani kama zawadi, ukishauwasha unaambiwa sasa toa mchango, na ubani wenyewe mamia ya yuan. Nilitaka kugombana. Kwahiyo kabla hujalipa muulize kwa maandishi kwenye WeChat, maduka mangapi? kebo imo kwenda na kurudi au kwenda tu? tiketi ya Dai Miao imo? Akizungukazunguka achana naye. 780 bila maduka na kebo mbili na gari la kutoka Jinan sio wizi, 780 na maduka ni wizi mara mbili.

Na pasipoti zenu halisi mzibebe, tiketi zinakatwa kwa jina na namba. Msiende wiki ya tarehe 1 Oktoba wala sikukuu ya Mei, pale Nantianmen hamtakanyaga chini.

Abuu_Naima
Assalaam alaykum. Hilo swali la tatu limerukwa naona. Mimi si sheikh na siwezi kumtolea mama mkubwa fatwa, akiwa na shaka amuulize shehe wake anayemwamini, ninachokwambia ni mahali palivyo. Haya mahekalu mawili si sawa. Dai Miao ya chini sasa hivi ni makumbusho, makumbusho ya mji wa Tai'an yako humo humo, watu wanaenda kuona majumba na mawe na miti, unaweza ukazunguka uani asubuhi nzima bila mtu kukutaka ufanye ibada yoyote. Bixia ya juu ni hekalu hai la Watao, wafuasi wa dini ya Tao, kuna makasisi, kuna moshi wa ubani, wanawake wanakuja kumuomba yule bibi Bixia watoto, pale ibada inafanyika mbele yako. Mimi pale juu nilikaa nje nikaangalia mapaa, na nakuambia mapaa peke yake yanatosha, vigae vya jumba kuu ni vya shaba na vya majumba ya pembeni ni vya chuma kwa sababu upepo wa kule ungepeperusha vigae vya udongo kama karatasi. Mama anaweza akakaa kwenye ngazi hapo nje apumzishe magoti wewe ukaingia ukachungulia.

Kama ataingia popote msikanyage kizingiti cha mlango, vukeni, kwao ni adabu. Chakula tafuteni mgahawa wenye maandishi ya qingzhen, yaani halali, huko mjini mle kabla au baada, hicho chakula cha kifurushi mwambie mwongozaji mapema sana kuwa nguruwe hapana na mafuta yake hapana, asije akakwambia "hii ni kidogo tu". Mlimani kuna mayai ya kuchemsha na matango, wanauza matango njiani kama sisi tunavyouza miwa, maji yake yanakata kiu vizuri. Swala kwa msafiri ana ruhusa yake anaijua mwenyewe.

NgoshaWaKusini
Mimi nimefuta kauli yangu ya raba. Ila mti kuwa na cheo hapo mmeniua

MtotoWaJinan
Asanteni sana wote, Bi Asha shikamoo na ahsante. Nimewaandikia kampuni kama Mkalimani alivyosema. La maduka wamezunguka kwanza, "kituo kimoja cha utamaduni wa chai, hiari", nikawaambia hiari yetu ni hapana, wakakubali. Kebo kumbe ilikuwa kwenda tu! Ningelipa tungefika juu mama mkubwa aambiwe ashuke kwa miguu. Nimewaambia waweke zote mbili na hekalu liwe asubuhi, wakasema wageni wengine kwenye kundi wanataka mlima kwanza, kwahiyo wamenipa gari dogo la peke yetu, imekuwa 900 kwa mtu. Najua Kamanda ataniua lakini mama mkubwa kasema analipa yeye, Kichina changu akikisikia anacheka.

Nimempigia nikamsomea majibu yenu yote. La makumbusho kafurahi, la Bixia kasema atakaa nje na mimi pia nikae nje, sijui kuchungulia hataki kusikia. La jiwe la herufi kumi kaniuliza mara mbili. Halafu mwisho akasema sawa yote mazuri lakini ile picha ya kwenye noti iko wapi, maana yeye anataka asimame hapo na noti mkononi amtumie yule Mchina wa vitambaa. Hiyo ni kabla ya Bixia au baada?

Bi_Asha
Marahaba mwanangu. Baada 😅 Liko jiwe limeandikwa Wuyue Duzun, yaani mkuu wa milima mitano mitakatifu, linasimama mkipita Bixia na lile jabali la dhahabu la Xuanzong mnapokaribia kilele, utaliona kwa foleni, kila mtu kashika noti ya tano kainyanyua. Ngazi ziko hapo katikati sikudanganyi, mpandisheni polepole, apumzike Bixia kama Abuu alivyosema, apumzike tena pale kwenye jabali, mwongozaji atangulie kushika foleni ndo hiyo kazi yake ya 900. Na noti mtoe benki mpya, wifi yangu alikwenda na iliyokunjika mlima hauonekani.