Fundi kanifungia springi ngumu klachi ya ATV, mkanda umeungua siku ya pili tu!!

Wakuu nina hasira kweli, acheni niseme yote.

ATV yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ni otomatiki, hizi za mkanda na puli mbili, ya mbele iko kwenye injini na ya nyuma inapeleka nguvu kwenye magurudumu, na sikuwahi kusumbuka nayo mpaka nilipotoa matairi ya inchi 26 nikaweka 28 ya meno marefu ya tope. Hapo ndo matatizo yakaanza, nikifika kwenye mlima mkali au tope zito injini inalia chombo hakisogei halafu harufu ya mpira unaoungua hiyo inakuja. Nikajua mkanda unateleza. Nikaenda kwa fundi nikamwambia nataka kitu kimoja, klachi ishike nikiwa mwendo mdogo kwenye tope, basi.

Jamaa hata kifuniko hajafungua keshasema dawa ni springi ngumu. Akafunga springi nyekundu puli ya mbele, ati nyekundu ndo ngumu kuliko zote, wakati kila mtengenezaji ana rangi zake na nyekundu ya huyu inaweza kuwa laini kuliko njano ya yule. Puli ya nyuma hakuigusa KABISA.

Sasa hapa ndo panaponiuma. Kila puli ni sahani mbili na mkanda unapita katikati yake, na kwenye puli ya mbele springi kazi yake ni kuzitenganisha zile sahani, haibani mkanda! Vinavyobana ni vile vizito, vyuma vidogo vilivyo ndani ya puli, injini ikipanda vinatanuka vinasukuma sahani. Ukiweka springi ngumu pale umewapa vizito mzigo wa kupigana nao, mpaka injini ipande sana ndo mkanda ushikwe. Springi inayobana mkanda iko puli ya NYUMA. Huyu bwana kichwani ana klachi ya pikipiki ya kawaida, ile ya sahani ndani ya oili, kule kweli ukikaza springi inashika, lakini hiki ni kitu kingine kabisa na anachukua hela za watu bila kujua tofauti.

Matokeo yake mwanzo ilikuwa inashika kwenye mizunguko ya injini kama 1,400 kwa dakika, sasa mpaka ifike 2,300 huko na ikishika inaruka mbele kama imepigwa teke. Kupita taratibu kwenye mawe haiwezekani tena. Siku ya pili nikakwama kwenye tope, niko gia ndogo kabisa, nikagusa mafuta polepole kama kawaida, moshi ukaanza kutoka kwenye bomba la hewa la klachi.

Nimefungua mwenyewe. Ndani vumbi jeusi kama masizi ya sufuria, nyuzi za mkanda zimejizungusha kwenye shafti, mkanda wenyewe una sehemu imelika upana wa vidole viwili na pembeni unang'aa kama kioo. Nikapitisha kitambaa kwenye uso wa puli kikatoka na GRISI. Grisi jamani, pale mkanda unaposhikia! Hata mtu anayejifunza anajua zile sahani zinafutwa zikauke kabisa kabla ya kurudisha mkanda.

Nimempigia, anasema naendesha vibaya, ninunue mkanda mwingine aje afunge. Mkanda mpya kwenye springi ile ile si utaungua vile vile? Tairi la 28 linataka nguvu zaidi kulizungusha, kwa hiyo ilitakiwa springi ngumu iende nyuma, na mbele aweke vizito vyepesi kidogo ili injini isizidiwe na mzigo mapema. Haya nimeyajua kwa kusoma usiku kucha baada ya hasara wakati yeye ndo fundi.

Aliyefunga 28 kwenye chombo cha injini ya cc 500 hivi naomba aniambie vizito vyake ni gramu ngapi na springi ya nyuma kaongeza ugumu kiasi gani. Kesho asubuhi naenda kuchukua springi yangu ya zamani, na akiniambia kaitupa hatutaelewana.