Fuso ya mizigo Mwanza: nikodi, nichukue kwa mkataba, au nikope ninunue?

Dereva wa Igoma

Habari zenu wakuu. Gari ni Fuso ya ekseli mbili, bodi ya mbao, bei 75,000,000. Akiba ni 25,000,000. Dereva ni mimi mwenyewe na utingo mmoja. Mzigo ni dagaa wa mwalo wa Kirumba na mchele wakati wa mavuno. Safari ni za Dar, na Geita mara mojamoja. Nimepewa njia tatu:

1. Kukodi: 2,500,000 kwa mwezi, matengenezo madogo juu yangu.
2. Mkataba: hesabu ya 900,000 kila wiki kwa wiki 130, halafu gari linakuwa langu. Hakuna kianzio.
3. Kununua: kianzio 25,000,000, mkopo 50,000,000, riba 18% kwa mwaka, miezi 36.

Ipi inalipa kwa hapa Mwanza?

Mhasibu wa Nyakato

Ndugu, kabla hujachagua rudi kwa anayekukopesha umuulize swali moja: hiyo 18% inakokotolewa juu ya deni lililobaki, au juu ya mkopo wote mpaka mwisho? Watu wengi hawaulizi, na tofauti yake ni kubwa.

Ikiwa ni juu ya mkopo wote, riba ni 9,000,000 kila mwaka, yaani 27,000,000 kwa miaka mitatu. Utarejesha 77,000,000, karibu 2,139,000 kwa mwezi. Ikiwa inapungua pamoja na deni, rejesho ni kama 1,808,000 na jumla haifiki 65,100,000. Karibu milioni 12 zinapotea kwa sababu ya neno moja kwenye fomu. Ile ya kwanza, ukiipima kwa kipimo cha riba inayopungua, ni zaidi ya 30% kwa mwaka.

Sasa linganisha. Mkataba ni 900,000 × 130 = 117,000,000. Mkopo wa riba mbaya pamoja na kianzio ni 102,000,000. Kukodi miezi 36 ni 90,000,000 na gari linabaki la mwenyewe. Lakini usiangalie jumla tu. Hesabu ya wiki ukiigeuza ya mwezi ni 3,900,000, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Kutokuwa na kianzio kunaficha uzito huo.

Kwenye mkopo ongeza bima kubwa, maana wakopeshaji wengi hawakubali bima ndogo, ada ya mkopo na gharama za kadi ya gari. Uliza pia ukilipa deni mapema unapunguziwa riba au unalipa yote.

Mdau wa Mwaloni

Hesabu ya mhasibu ni sahihi ila mwezi wa angani haumo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na mwaloni mzigo unapungua kwa siku kadhaa kila mwezi. Hesabu ya kila wiki haikusubiri. Kama utachukua mkataba, ng'ang'ania kulipa kwa mwezi, baada ya siku za giza, wakati wenye mzigo wameshakulipa.

Jambo jingine: dagaa wakavu ni wepesi ila wanajaza nafasi. Bodi inajaa kabla ya tani. Mchele ni kinyume, tani zinajaa bodi ikiwa bado wazi. Kwa hiyo usinunue gari kwa maneno ya "linabeba tani 15". Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani ni tani 8 na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10, jumla 18. Lipime likiwa tupu. Likiwa na tani 7.5, mzigo wako halali ni tani 10.5, na hapo lazima upakie kwa kusogeza mbele kidogo, la sivyo ekseli ya nyuma inazidi hata kama jumla iko sawa.

Safari ya Dar ni kama km 1,150 kwenda. Weka km 4 kwa lita likiwa na mzigo: kwenda na kurudi ni lita 575 hivi. Zidisha kwa bei kikomo ya dizeli ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati. Toa posho, upakiaji na siku za kusubiri mzigo wa kurudi. Tairi zitengee fungu lake: seti ya sita ikiwa 4,200,000 na ikaenda km 60,000, ni shilingi 70 kwa kilomita, yaani 161,000 kila safari ya kwenda na kurudi. Wanaoshindwa marejesho wengi wao walikuwa wanakula hela ya tairi wakiita faida.

Na Geita usiidharau. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, foleni ya kivuko haipo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunapangika. Kwa njia hiyo Canter (lori dogo) ya kununua keshi kwa akiba yako, bila deni lolote, mimi naiona bora kuliko zote tatu.

Fundi Mabatini

Canter kwa Geita sawa, ila kwa Dar na mchele itakufia springi. Hapo sikubaliani na mdau.

Njia yoyote utakayochukua, gari likaguliwe asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta limeshawashwa, ondoka, rudi kesho. Washa, fungua kifuniko cha oili: moshi unaosukuma kwa nguvu maana yake ringi zimechoka. Fungua rejeta kabla halijachemka, tazama mapovu yasiyokoma. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka. Jaza upepo wa breki, zima injini, sikiliza na uangalie mshale: ukishuka upesi kuna uvujaji. Kisha ingia chini. Chesi ikaguliwe nyuma ya kebini na kwenye hanga za springi, utafute nyufa, welding mpya na sehemu iliyoungwa kurefusha gari.

Kwa huku ziwani kuna ugonjwa wake. Gari lililobeba kayabo, yaani samaki wa chumvi, linadondosha maji ya chumvi kwenye chesi, mabomba ya breki na nyaya za ethi. Rangi mpya ya chini inaficha. Gonga kwa nyundo ndogo.

Na huyo anayekukodishia akisema "matengenezo madogo juu yako", mwambie ayataje. Oili, filta, lining za breki na taa ni zako. Injini, giaboksi, difu na chesi ni zake. Klachi ndiyo watu hugombania, iandikwe ni ya nani.

Dereva wa Igoma

Nashukuru sana. Je, nikikodi kwanza miezi mitatu nipime mzigo, halafu ninunue hilohilo?

Mhasibu wa Nyakato

Inafaa, na kwa akiba yako ndiyo ningeichagua, mradi riba ya mkopo iwe inayopungua. Miezi hiyo mitatu andika kila safari kwenye daftari, na mwezi ulio mbovu kuliko yote ndio ulinganishe na rejesho, baada ya kutoa fungu la tairi. Kama haulifikii, usisaini.

Kabla ya kulipa chochote thibitisha TRA kwamba kadi ni ya anayekukodishia na namba ya chesi inalingana, na uangalie kama gari halijawekwa dhamana kwingine. Malipo yapite benki, si mkononi. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, uwe na haya: bei ya 75,000,000 isibadilike kwa siku 90, sehemu ya kodi, hata theluthi, ihesabiwe kwenye kianzio ukinunua, faini ya mizani ni yako kwa sababu unapakia wewe, na gari likilala gereji zaidi ya saa 48 kwa ubovu usio wa dereva, ikatwe 83,333 kwa kila siku, ambayo ni 2,500,000 gawa kwa 30.