Tupeane uzoefu: mliozunguka na ngoma, taarab au porojo tu, mliandika mlichokiona?

MamaMadaftari (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Juzi nilikuwa natoa vitu stoo hapa kwangu Bagamoyo, nikalikuta lile sanduku langu la bati. Ndani niliweka madaftari kumi na moja. Mchwa wamekula matatu. Jalada moja limesalimika lote, lile lenye jedwali la kuzidisha kwa nyuma. Nadhani mchwa nao hesabu hawaipendi. Nilikaa pale chini na kanga yangu begani nikalia kidogo, halafu nikaanza kusoma yaliyobaki, na mchana ukanipita sijainjika hata chungu.

Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, reli ya Tanga kwenda Moshi. Akirudi nyumbani tunamzunguka atuitie vituo, naye anasimama mlangoni na kofia yake anaita: Pongwe! Ngomeni! Muheza! Mnyuzi! Korogwe! mpaka Moshi bila kuvuta pumzi. Nikavishika vyote. Watoto wa mtaani nikawapanga kwenye vigoda, hayo ndiyo mabehewa, mimi gadi, filimbi ya jani la mgomba mdomoni. Nauli kokwa tatu za ubuyu. Asiye na nauli anashushwa Mnyuzi, na akishashushwa haruhusiwi kucheka. Mama alikuwa akisema mtoto wa kike kupiga filimbi ni kuita nyoka, baba anamwambia mwache, huyu hatakaa nyumbani.

Nilipojua kuandika, kitu cha kwanza kukiandika baada ya jina langu kilikuwa ni vile vituo. Lile daftari mchwa hawakuligusa. Ninalo.

Baadaye nikaingia Chuo cha Sanaa hapa Bagamoyo, hiki mnachokiita sasa TaSUBa. Chuo kilikuwa bado kichanga, kilianza 1981. Kwenye usaili wakaniuliza unaweza kufanya nini, nikawaitia vituo vya treni. Wakacheka, wakanichukua. Nikajifunza ngoma za watu ambao sikuwahi kufika kwao: bugobogobo ya Wasukuma, sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni. Mtoto wa pwani ananyanyua jembe kwa mdundo wa Kisukuma! Mjomba wangu alipoona alisema, "Nyumbani kulima umekataa, huku unalima jukwaani."

Jembe hilohilo nikapanda nalo ndege, kikundi chetu kilipoalikwa Uswidi. Forodhani wakalitoa kwenye mzigo, yule mwenye muhuri akaligeuza huku na huku. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikaona maneno ya nini, nikalichukua nikalirusha juu, nikalidaka, nikapiga hatua nne. Wenzangu wakaitikia. Mihuri ikagongwa. Ila usiku wa kwanza sikulala. Ilikuwa Juni, nami nangoja giza liingie ndiyo nilale, na giza haliji. Saa sita ya usiku naona ndege wa angani wanaruka kama saa kumi na moja jioni. Nimeandika kwenye daftari: "Leo jua limekataa kuchwa. Nimekula viazi mara tatu. Hakuna aliyenisalimia njiani."

Hicho ndicho kilichonifanya nianzishe mada. Wenzangu wa safari ile tunakutana siku hizi msibani. Tukikaa kwenye mkeka kila mmoja anaisimulia safari yake, utadhani tulipanda ndege tofauti. Mmoja anaapa tulikula wali. Mmoja anasema jembe lilikuwa lake! Na waliotangulia wamekwenda na za kwao.

Basi semeni. Nani alizunguka, akaonyesha, akaandika? Na ambaye hakuandika, kilimzuia nini?

BiKodiani

Mwanangu, marahaba. Umenigusa, mimi naandika huku mjukuu ananisaidia kubonyeza.

Nami wa Tanga, barabara za namba hizo hizo za Ngamiani. Enzi zetu Tanga ilikuwa taarab na taarab ilikuwa Tanga. Black Star na Lucky Star walikuwa wanashindana mji mzima unagawanyika, mke huku, mume kule, na wakati wa kula wananuniana. Mimi sikuwa huko kwa wakubwa. Kikundi chetu kilikuwa cha harusi, kodiani moja, fidla mbili, dumbaki, na mimi.

Sikuwahi kuandika safari. Ila kila muimbaji ana daftari la nyimbo, na pembeni mwa kila wimbo nilikuwa naweka alama zangu: umeimbwa wapi, harusi ya nani, nimetunzwa shilingi ngapi, nani kainuka kutunza na nani kakaa kimya mkono kifuani. Muimbaji lazima ajue hayo, kesho akirudi mji ule asiimbe wimbo uliomchoma mtu. Sasa nikifungua naona Pangani, Muheza, Lushoto kwenye baridi nikaimba na sweta juu ya gauni la kumetameta, naona Mombasa.

Hiyo ya Mombasa gari lilikufa karibu na Horohoro. Harusi usiku uleule. Jua linazama, dereva yuko chini ya gari miguu inaonekana tu. Mpiga kodiani akaona bora apige, tukaimba palepale barabarani. Wakatoka watu sijui wapi, maana ukiangalia ni vichaka. Mama mmoja akanitunza mihogo minne mibichi. Nimeandika pembeni mwa wimbo: "Horohoro, mihogo 4." Harusini tulifika alfajiri, bibi harusi amelala na hina yake.

Na nyie vijana mkumbuke, Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay 1928 kurekodi, na hakujua kusoma wala kuandika. Aliyekaa chini akayaandika maisha yake ni Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga. Ukikosa mkono wako, omba Mungu upate mkono wa mwenzio.

KichwaChini

Shikamoo bibi. Hiyo "mihogo 4" nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Mimi sarakasi. Tulikwenda nchi moja ya Asia, watu sita, mkataba miezi mitano. Aliyetupeleka sitamtaja, na sasa hayupo kwenye biashara hiyo. Tulipofika alikusanya pasi zetu "azitunze". Wakuu, mtu akikwambia anakutunzia pasi, jua anakutunza wewe.

Mimi sikuwa wa kuandika. Mwenzetu mmoja, mtu wa Makorora, kila usiku kabla ya kulala anaandika: tarehe, mji, maonyesho mangapi, nani kaanguka, chakula gani. Tukawa tunamtania, tunamwita Karani. Mwisho wa mkataba tukaambiwa tumefanya maonyesho 60. Karani akafungua daftari: 94. Tarehe kwa tarehe, mji kwa mji, hadi siku niliyoteguka kifundo imo. Yule bwana akageuka rangi. Hatukupata zote lakini tulipata nyingi kuliko alizotaka kutupa, na pasi zikatoka siku ileile.

Tangu hapo naandika. Mwandiko mbaya, lakini tarehe zipo.

Mbishi wa Chumbageni

Samahanini, mada nzuri ila nyie wote mlilipiwa nauli. Wengine tumefika Pangani tu, tena kwa msiba. Tuandike nini?

BiKodiani

Andika Pangani! Hapo kwenye pantoni ya kuvukia mto pekee kuna kitabu kizima. Watu wanaopakiwa pamoja na mbuzi na maharusi, na kila mtu anataka kushuka wa kwanza.

UtingoWaZamani

Mbishi, mimi sikulipiwa na mtu, nililipwa nibebe.

Nilikuwa utingo wa semi, Dar kwenda Lubumbashi. Mnaoijua Tunduma mnajua foleni yake. Kuna safari tulilala pale usiku tano. Jioni madereva wanawasha mkaa katikati ya magari, Wakongo, Wazambia, Wasomali, sisi. Simu zimekufa chaji. Siku moja nikaanza hadithi ya Sungura na Fisi kama alivyokuwa akitupa bibi yangu Handeni, na sauti zote, fisi akivuta mguu. Siku ya pili wakaja wenyewe: "Wapi yule wa fisi?" Siku ya tatu dereva wa Zambia akanipa samaki mkavu ili nimalizie pale nilipokatia. Nami nikajua, usimalize. Katia pabaya, kesho watakuletea chai.

Kilichonishangaza ni Wakongo. Wanacheka pengine kabisa. Sehemu ambayo sisi tunacheka wao kimya, halafu fisi akiomba msamaha wanaanguka. Mmoja akanirudishia hadithi ileile kwa Kiswahili chao, vitu ni "bintu", watu ni "batu", na mwishoni fisi ndiye anashinda! Nilikosa karatasi, nikaandika nyuma ya hati za mzigo. Kasumbalesa, mpakani kuingia Kongo, ofisa akageuza hati akakuta sungura. Akasoma mpaka mwisho. Akauliza, "Na halafu?" Nikamwambia ya pili iko kwenye gari. Wallahi tulivuka haraka kuliko siku zote.

Siku hizi mimi ndiye dereva, Dar hadi Arusha tu, mgongo haudai Kongo tena.

MwalimuWaDunda

Naongeza jambo moja la hapa kwetu, maana naona mnasema kama vile kuandika safari ni kitu cha Wazungu waliopita na wapagazi.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa huku kwetu Bagamoyo. Alikwenda kwa miguu hadi Udoe na Uzigua, akaandika kwa Kiswahili alichokiona: watu wanavyosalimiana, wanavyozika, wanavyolipana. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akaoa Mjerumani. 1905 wakaja na mkewe, meli imefika Dar es Salaam, serikali ya Kijerumani ikamkatalia kushuka. Yaani anauona ufuo wa nchi yake toka melini, akarudishwa. Baada ya hapo alijipatia riziki kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akihutubia kumbini juu ya Afrika. Msafiri, mtu wa jukwaani na mwandishi, yote kwa mtu mmoja. Akafia kulekule 1927.

Na mwenzake Salim bin Abakari, Mngazija, aliandika safari ya Urusi na Siberia ya 1896. Kwa hiyo MamaMadaftari, viazi vyako mara tatu vina ukoo.

KichwaChini

Meli imefika halafu asishuke? Hii imeniuma mwalimu.

MamaMadaftari

Ahsanteni jamani, sikutegemea. Bi Kodiani nitakuja Tanga unionyeshe hilo daftari la pembeni, nakuja na halua.

Mbishi, nikujibu vizuri. Katika yale madaftari ninachokisoma kwa hamu si Uswidi. Kule niliandika vitu vya kila mtu, majengo marefu, theluji ya mlimani, upuuzi mtupu. Mazuri ni ya ziara za vijijini tulizozunguka na lori, tunacheza igizo la maji safi chini ya mwembe. Kuna ukurasa nimeandika tu bei ya nyanya, jina la mbuzi wa mwenyeji wetu, na kwamba mzee mmoja alimpiga fimbo mwenzetu aliyeigiza mlevi akidhani ni kweli. Nimesoma hapo nikasikia hadi harufu ya vumbi. Kumbe kilichobaki ni kile nilichokiona hakina maana siku ile.

Marehemu mzee Hukwe Zawose, wengi wenu mnamjua kwa ilimba na zeze, aliishi hapahapa Bagamoyo na muziki wake wa Kigogo ukazunguka dunia mpaka alipofariki 2003. Nilikuwa nikimsikiliza nasema nami nitamwandika kesho. Kesho, kesho. Sina ukurasa hata mmoja.

Kuhusu mchwa: mlioko pwani msiweke sanduku sakafuni. Weka juu ya matofali, na madaftari ndani ya nailoni. Nimejifunza kwa bei ya madaftari matatu.

Sasa la jana. Mjukuu wangu wa darasa la tatu amelichukua lile daftari la vituo anasoma kwa sauti. Akafika mahali akakwama. "Bibi, Buyiko ndiyo wapi?" Nimeangalia, kumbe niliandika "Buyiko" na miaka yote sijaona. Ni Buiko, baada ya Mkomazi kabla ya Hedaru. Akasema, kukoje? Nikafungua mdomo, nikagundua sikumbuki kukoje. Nakumbuka sauti ya baba akiita tu. Ikabidi nisimame jikoni nimwonyeshe alivyokuwa akiita, mwiko ndiyo bendera. Majirani wamechungulia dirishani.

UtingoWaZamani

Mama, Buiko napita kila wiki. Alhamisi natoka Dar saa kumi alfajiri. Panda gari la Msata, nisubiri pale njia panda, nakuokota wewe na mjukuu. Nauli hakuna, ila unaita vituo njia nzima.

MamaMadaftari

Msata nisimame upande gani wa barabara?