Diski za nje za USB: tatizo ni waya, lakini kila mtu anakwambia "imekufa"

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Hii ni diski ya tatu ndani ya miaka minne. Naichomeka, taa inawaka, nafungua folda, inapotea. Naichomoa na kuichomeka tena, inarudi kama vile si yenyewe. Nikinakili faili kubwa inafika katikati, kompyuta inadai haioni kifaa chochote. Nikaipeleka kwa fundi. Hata hakuigusa: "Imekufa hiyo, nunua nyingine." Wa pili akasema tuifomati. Tuifomati! Picha za miaka tisa zimo humo.

Kumbe diski ilikuwa na njaa tu. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Hizi diski ndogo za inchi 2.5 hazina adapta, umeme wote zinanyonya kwenye kompyuta, na zinapoanza kuzungusha sahani zinaweza kutaka karibu ampia nzima kwa sekunde chache. Sasa ichomeke kwenye habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, pamoja na kipanya na modemu, wagombanie hicho hicho kidogo. Na waya wenyewe mwembamba kama uzi wa kushonea, zile volti 5 hazifiki zote upande wa pili. Nimebadilisha waya, nikaweka mfupi na mnene, nikachomeka kwenye laptopu bila habu. Imetulia wiki ya pili sasa. Waya, jamani! Mtu anakuuzia terabaiti 2 halafu anafanya ubahili kwenye waya.

Ila inayoniuma ni ile ya kwanza. Hiyo kweli ilikuwa inakufa, na aliyeimalizia ni mimi. Ilikuwa inagonga tik, tik, nami nikafuata ule ushauri mnaoumwaga kila siku: "endesha chkdsk", ile programu ya Windows ya kukagua diski. Nikaiacha usiku kucha. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa mafaili, mafaili yako yakipotea njiani haina habari, na diski iliyochoka inasukumwa izidi kufanya kazi. Asubuhi nakuta folda ya FOUND.000 imejaa vipande visivyo na majina. Sauti za marehemu mama yangu zilikuwa humo.

Nilitakiwa nianze na SMART, zile namba za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe; programu ya CrystalDiskInfo inaionyesha bure. Namba 5 ni sekta (vijisehemu vya diski) zilizoharibika zikahamishwa, 197 ni zile zinazotiliwa shaka, zinasubiri hukumu. Zikiwa zinapanda, usirekebishe kitu: nakili kwanza diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, uhangaike na ile nakala. Zikiwa sifuri na diski inakatika-katika tu, shuku waya, tundu na umeme kabla ya kuishuku diski. Hilo fundi angeliona kwa dakika mbili.

Ya pili sitaki hata kuikumbuka. Tundu lake lililegea (yale mapana bapa ya USB 3.0, sijui nani aliyapitisha), nikasema si neno, nafungua kasha, naitoa diski, naichomeka kwenye SATA, tundu la kawaida la diski ndani ya kompyuta. Nafungua, hakuna SATA! Tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Waranti? Wakanipa mpya, tupu, na karatasi inayosema data haiwahusu.

Kwa hiyo ninaloomba ni moja: mwenye kasha la kununua peke yake, ndani lina SATA ya kweli na lina adapta yake ya umeme, ambalo amelitumia zaidi ya mwaka bila kukatika, aliweke hapa. Na wewe unayekuja kuandika "nunua SSD" (diski isiyo na sahani za kuzunguka), SSD ya nje nayo inakula umeme kupitia waya ule ule. Pita tu.