Ikisiri yangu imekataliwa mara ya pili, naombeni msaada wanajamvi

Binti wa Kimara

Habari za jioni wakuu. Nasoma masta mwaka wa pili hapa Dar, upande wa uvuvi. Tasnifu yangu inahusu mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza, wa soko la samaki Feri: kwa nini mmoja anarudi nyumbani na faida na mwenzake anarudi na deni. Nimeshinda pale miezi minne. Napanda mwendokasi ya alfajiri hadi Kivukoni, natoka jioni nguo zinanuka moshi na mafuta.

Nimetuma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye makongamano mawili ya kimataifa. Yote yamenijibu mistari miwili mitatu, hakuna maelezo. Ya kwanza nilijipa moyo. Ya pili imeingia jana nikiwa kituoni Ubungo, nikaacha mabasi mawili yapite nimekaa tu. Msimamizi wangu ni mtu mwema ila ana wanafunzi wengi, ananiambia "jaribu tena". Sasa nikijaribu tena kwa maneno yale yale si nitapata jibu lile lile?

Nilichotuma, kwa Kiswahili, kinaanza hivi: "Utafiti huu unalenga kuchunguza changamoto zinazowakabili wanawake wachakataji wa samaki katika soko la Feri." Kinaisha hivi: "Matokeo yatajadiliwa na mapendekezo yatatolewa."

Mliopita njia hii nionyesheni ninapokosea.

Mama Wawili

Pole sana mdogo wangu. Mimi nimewahi kukaa upande wa wanaochagua. Unapewa rundo la ikisiri, unazisoma usiku watoto wakishalala, na nyingi zinaanza na "utafiti huu unalenga". Ukifika ya ishirini macho yanapita tu.

Kilichokuangusha ni hapo mwisho. "Matokeo yatajadiliwa" maana yake kwa msomaji ni kwamba huna matokeo. Na wewe unayo! Tuambie hapa, kama unavyomsimulia mama yako jikoni: uliona nini?

Binti wa Kimara

Dada, nilienda nikidhani tatizo ni samaki kuharibika. Nikakuta ni mtaji. Aliyekopa hela asubuhi lazima airudishe siku hiyo hiyo, kwa hiyo hata bei ikianguka mchana anauza. Mwenye hela yake anawasubiri wateja wanaotoka kazini. Samaki ni wale wale, wa mnada mmoja.

Mama Wawili

Umeona? Hiyo ndiyo ikisiri yako, na haimo kabisa kwenye ulichotuma. Anza hivi: "Mama karanga wawili wa Feri hununua samaki kwenye mnada mmoja, kwa bei moja. Mmoja huuza jioni kwa faida, mwingine huuza mchana kwa hasara. Kinachowatenganisha ni mkopo wa asubuhi." Halafu uliongea na wangapi, kwa muda gani, faida uliipimaje. Chagua namba moja yenye uzito, nyingine ziache kwenye tasnifu. Malizia na nani afanye nini tofauti akishajua hili. Neno "changamoto" lifute, kila mtu analo.

Kijana wa Sayansi

Niongezee kitu, maana naona umeumia. Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa akili bandia, ule unaoitwa NeurIPS siku hizi, uliwapa makala 166 kamati mbili tofauti, kila moja ikasoma bila kujua uamuzi wa mwenzake. Zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na ile nyingine. Makala ni ile ile, wataalamu ni wa ngazi moja. Kwa hiyo rekebisha alivyosema dada hapo juu, lakini usisome kukataliwa mara mbili kama hukumu ya akili yako.

Mzee wa Kunduchi

Binti, hayo makongamano uliyatafuta kwa jina au kwa mada? Kuna kongamano la kisayansi la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, linahusu bahari hii hii yetu ya magharibi ya Hindi. Mwaka 2017 lilifanyika hapa hapa Dar. Huko hutatumia nusu ya ikisiri kueleza Feri ni wapi. Soma mada ndogo walizotangaza, useme wazi yako inaingia ipi. Wakikuuliza kama uko tayari kuwasilisha kwa bango, yaani unabandika utafiti wako ukutani na kusimama kando kuueleza, kubali. Mimi nilianza na bango, na watu walioniuliza maswali pale wakisimama na vikombe vya chai walinifaa kuliko dakika kumi za jukwaani.

Kijana wa Sayansi

Na ufadhili wa safari uombe siku ile ile unayotuma. Mkutano ukiwa mbali, anza viza mapema. Mwaka 2018 ule mkutano wa akili bandia ulikuwa Montreal, Kanada, na watafiti wengi wa Afrika waliokubaliwa walinyimwa viza. Mkutano ukiwa Kigali au Nairobi, Mtanzania viza haikuhusu.

Binti wa Kimara

Nimekaa nayo tangu saa mbili usiku. Maneno 243, "changamoto" haimo. Asanteni mno. Dada, naweza kukutumia inboksi kabla sijampelekea msimamizi?

Mama Wawili

Tuma sasa hivi, bado niko macho. Na kama una jedwali la mikopo liambatanishe, nataka kuona ile namba moja uliyochagua umeitoa wapi.