Bagi yenye injini ya Subaru inachemsha: rejeta ikae wapi?

Ndugu mafundi, ninaijenga upya bagi (gari dogo jepesi la kuendea mchangani) yenye gia boksi ya Volkswagen Beetle, na injini yake iliyopozwa kwa hewa nimeibadilisha kwa EJ20, injini ya Subaru inayopozwa kwa maji. Rejeta iko nyuma. Nikiingia kwenye mchanga wa makorongo huku Chamwino kwa mwendo mdogo, joto linapanda.

— Mwendo ukipungua, kazi yote hubaki kwa feni, hivyo ziba kwa bati pembeni mwa rejeta ili hewa isipite kando. Mdomo wa kujazia maji uwe juu kuliko injini, la sivyo hewa itanaswa ndani.

— Chungulia kwanza mapezi ya rejeta (vibati vyembamba vinavyopitisha hewa), ndugu: vumbi la Dodoma likishika oili hugeuka tope gumu.

— Gia boksi hiyo nayo, ambayo haikuundwa kwa nguvu za injini ya Subaru, usiilazimishe mchangani.