Naomba ushauri: nahesabu vipi kapibara wa mtoni?

Wakuu, nasoma uzamili wa wanyamapori Brazil, jimbo la São Paulo, na nafuatilia kundi la kapibara (mnyama mkubwa wa jamii ya panya, anayeishi karibu na maji) kando ya mto. Kupe wao hueneza homa ya madoadoa, nayo huua watu. Kuwaua kapibara naona si dawa: wengine huhamia hapo kuchukua nafasi yao, na watoto wapya wasio na kinga ndio huwaambukiza kupe wengi zaidi. Afadhali kuwafunga uzazi bila kuwahasi, dume mkubwa aendelee kulinda eneo lake.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu. Mchana wanajificha majini. Jioni wakitoka kula, watoto hawaonekani nyasini. Mliowahi kuhesabu viboko, mlitumia droni, kamera za kutega au kinyesi? Nianzie wapi jamani?